Nani Ameshika Diski?

NYUMA YA KAMERA: Maswali ya wasomaji

Mwezi huu barua zimekuja nyingi kuliko kawaida, na karibu zote zinalia kilio kimoja: "Wameniharibia filamu yangu." Kuna walioharibiwa na mfadhili, kuna walioharibiwa na msambazaji, mmoja kaharibiwa na shemeji yake (huyo nimemjibu pembeni, mambo ya familia hayafai gazetini). Nimechagua sita.

Kwa mliojiunga nasi karibuni: mimi nilianza kazi hii mwaka 2003, nikishika daftari la kumbukumbu kwenye seti. Kazi yangu ilikuwa kuandika stelingi kavaa saa mkono gani na kikombe cha chai kilikuwa nusu au kimejaa. Baadaye nikawa edita, kisha nikaongoza filamu saba, zote za bajeti ya kuungaunga. Tatu kati ya hizo sina mamlaka nazo hata ya kuzionyesha sebuleni kwangu. Kwa hiyo msinisome kama mtu aliyeshinda.

*

"Shikamoo anti. Mimi ni kijana wa miaka 24, niko Mwanza. Nimeandika filamu ya saa moja na nusu kuhusu wavuvi wawili na injini ya boti iliyoibwa. Mzee mmoja wa biashara ya dagaa amekubali kunipa milioni sita. Ana masharti mawili: binti yake awe stelingi, na mwisho wa hadithi ubadilishwe, mwizi akamatwe, maana watu wa mwaloni, pale soko la samaki, watamcheka wakiona katoa hela yake halafu mwizi kashinda. Nichukue au nikatae?"
— Kijana wa Kirumba

Marahaba mwanangu. Masharti hayo umeyatia kapu moja, mimi nayatenganisha.

La binti halinitishi. Mwambie mzee kwa heshima kwamba utamjaribu pamoja na wengine watatu, mistari ileile, siku ileile, na yeye mzee akipenda aje akae nyuma aangalie. Nimewahi kuletewa mtoto wa mfadhili, nikampokea kwa shingo upande, akawa ndiye pekee aliyefika seti mistari ikiwa kichwani. Nimewahi pia kuletewa mwingine ambaye kila sini ikiisha anajitenga chini ya mwembe kumpigia baba yake simu, anamweleza nilivyomfokea. Kuigiza alijua. Iliyonishinda ni ile simu. Baba alikuwa ofisini kwake mjini, lakini siku zote tisa alikuwa seti nasi, na kufika siku ya nne mpiga picha alishaanza kuniuliza, "Na baba amesemaje?" Ukimchukua binti, makubaliano yako na mzee yawe kwamba maoni yake yanakuja kwako tu, na yanakuja kabla hamjaanza kushuti.

Mwisho wa hadithi ni jambo jingine. Ila kabla hujanuna, kamuulize mzee swali moja: "Mwizi wa injini huku kwetu huwa anaishia vipi hasa?" Yeye yuko mwaloni tangu hujazaliwa. Huenda akakupa mwisho wa tatu, bora kuliko wako na kuliko wake. Akishakueleza yote hayo bado akasema "nataka tu akamatwe", hapo ujue milioni sita si msaada tena. Ni bei ya kununulia hadithi yako, na ni bei ya chini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hukuniuliza. Kwa nini unahitaji milioni sita? Nimesoma muhtasari ulioambatanisha: mitumbwi mitano, boti ya polisi, lori, harusi, na usiku tatu ziwani. Mwanangu, kila kitu ambacho si chako kina mwenyewe, na mwenyewe ana maoni.

Hili nililijua kwa pilau. Filamu yangu ya pili ilikuwa na harusi ya watu sitini. Sina hela ya watu sitini, hivyo nikakubali mwenye duka la vyombo kule Manzese alete masufuria mawili ya pilau na watu wake waje wawe waalikwa. Sharti lake dogo tu: bango la duka lionekane. Saa nne asubuhi kafika na watu, na bango ni la mita tatu. Akalifunga nyuma ya bibi harusi. Nikasema litoke, akasema sawa, akalisogeza yeye mwenyewe kwa upole kabisa, kisha akawaambia watu wake wale kwanza ndipo wafanye kazi. Walipomaliza kula walianza kuondoka wawili wawili. Sini ya kwanza ya harusi ina watu sitini, sini ya bwana harusi kukimbia ina watu kumi na mmoja, na nyuma ya bibi harusi kuna nusu ya neno "VYOMBO". Ukiitazama unadhani waalikwa walipewa taarifa mapema kwamba bwana harusi atatoroka.

Wengi mmesikia habari ya El Mariachi ya Robert Rodriguez, iliyotengenezwa kwa dola 7,000 na kutolewa mwaka 1992. Watu huishia kwenye hiyo hesabu tu. Mimi navutiwa na jinsi alivyozipata na alivyoandika. Sehemu ya fedha aliipata kwa kujitolea kujaribiwa dawa kwenye kituo cha utafiti Texas, na humohumo kituoni, akiwa amefungiwa, akawa anaandika skripti. Adui mkuu wa filamu alimpata humo pia: alikuwa mwenzake aliyekuja kujaribiwa dawa. Alipiga picha Ciudad Acuña, Mexico, mji wa rafiki yake Carlos Gallardo, ambaye ndiye stelingi. Kwanza aliorodhesha vitu ambavyo wangevipata bila kulipa, basi, mbwa, kobe, baa ya mji, halafu ndipo hadithi ikapita humo. Kamera ikitakiwa kutembea, alikaa nayo kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima. Hakuwa na kundi la wafanyakazi, hivyo hapakuwa na wa kulishwa wala wa kubishana naye. Studio kubwa iliponunua filamu hiyo na kuisafisha ilitumia hela nyingi mno kuliko zile 7,000, lakini kufikia hapo hadithi ilishakwisha, hakuna aliyeweza kumwambia abadilishe mwisho.

Basi rudi mezani. Una nini wewe Kirumba? Nadhani una mtumbwi wa mtu anayekuamini, una mawe yale ambayo watu wa Dar tungelipia kuyaona, una injini moja mbovu isiyohitaji hata kuwaka, maana imeibwa. Wanaume wawili, injini moja, na alfajiri badala ya usiku. Usiku unataka taa, taa zinataka jenereta, jenereta ina mwenyewe, na mwenyewe huyo saa saba anataka kwenda kulala. Ikitoka dakika 40 badala ya 90, hiyo ni yako, na mzee wa dagaa ukimwendea mara ya pili utakwenda na kitu mkononi. Na mkiingia majini, maboya kwanza, kamera baadaye.

*

"Anti, nimemaliza filamu yangu ya kwanza. Imenila miaka miwili na kodi ya nyumba. Kuna kampuni imejitokeza, inasema itaiingiza kwenye majukwaa ya kulipia mtandaoni. Wamenitumia mkataba wa kurasa 11 kwa Kiingereza na wanataka saini kabla ya Ijumaa. Rafiki yangu amenisomea, anasema kuna mahali imeandikwa haki zote, dunia nzima, milele. Nimechoka, nataka tu watu waione. Nisaini?"
— Dada wa Tabata

Dada, usisaini. Kama filamu ni nzuri Ijumaa, Jumatatu itakuwa nzuri vilevile.

Nakuelewa unaposema umechoka. Mimi nilisaini nikiwa nimechoka hivyohivyo. Mwaka 2008 nilitengeneza filamu ya mkunga wa jadi wa Mbagala anayeitwa usiku kumzalisha mke mwenza wake. Dakika 85. Nikaipeleka kwa msambazaji mmoja Kariakoo, ofisi juu ya duka la mabegi, feni inazunguka kwa kusuasua. Akaitazama rimoti ikiwa mkononi, anakimbiza mbele, anasimama akimwona mtu maarufu, anakimbiza tena. Dakika kumi na mbili, kamaliza. Akaniambia, "Nzuri. Part 2 iko wapi?"

Vijana wa leo hamjui, lakini wakati ule filamu iliuzwa kwa diski, na hadithi moja ikikatwa mara mbili inauzwa mara mbili. Yangu ilikuwa moja. Akasema bila mbili hachukui. Nilikuwa na deni la kamera, nikaazima gari, nikarudi na mpiga picha mmoja, tukatengeneza dakika za kujazia kwa siku tatu. Mnaocheka zile sini za honi inapigwa, geti linafunguliwa, gari linaingia, geti linafungwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi: hizo nyingine nilizipiga mimi, tena kwa uangalifu mkubwa. Mkunga wangu katika diski ya kwanza anachukua mkoba wake anatoka mbio, na diski inaishia hapo. Katika diski ya pili bado yuko njiani. Yule mama mjamzito alikaa na uchungu diski nzima.

Kwenye kava aliwekwa kaka mmoja maarufu ambaye kwenye filamu anaonekana dakika mbili akiuza vocha. Mkunga hakuwekwa. Na jina likageuzwa la Kiingereza, lenye kosa la herufi.

Lakini hayo yote, dada, nimeshayasamehe. Ambalo sijalisamehe nililifanya mimi. Hati ilikuwa ukurasa mmoja, Kiswahili safi, nikaisoma yote: muuzaji amemuuzia mnunuzi master, yaani nakala ya asili, na haki zote za filamu. Nilidhani nauza diski. Miaka minne baadaye kundi la wauguzi waliniomba niwaonyeshe ile filamu kwenye mafunzo yao. Nikampigia yule bwana, akanitajia bei ya kuikodi. Nakala nilikuja kuipata Ubungo kwa machinga, shilingi 1,500. Filamu yangu mwenyewe, tena nakala ya wizi, na nilimshukuru yule kijana.

Usidhani ni ujinga wa kwetu tu. Mwaka 1968 vijana wa Pittsburgh, Marekani, wakiongozwa na George Romero, walitoa Night of the Living Dead, iliyogharimu kama dola 114,000. Walikuwa wameipa jina jingine. Msambazaji akalibadilisha, na alipotoa kipande cha filamu chenye jina la zamani akawa ametoa pamoja nalo ile alama ya hakimiliki iliyokuwa palepale kwenye jina. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilidai alama hiyo ionekane. Haikuwapo. Filamu ikawa mali ya kila mtu, yeyote akaidurufu na kuiuza, na waliofanya kazi ile wakabaki watazamaji wa fedha za wenzao. Fremu moja ilibadilishwa, wala hapakuwa na ugomvi wowote wa kisanaa.

Kwetu leo hali ni tofauti kidogo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inailinda kazi yako tangu inapotengenezwa, na kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi mkononi siku ya kubishana. Ila sheria haiwezi kukurudishia kitu ulichokitoa kwa kalamu yako mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatatu fanya hivi. Tafuta wakili, umlipe kwa kusoma tu, si kwa kesi, na akueleze kwa Kiswahili mpaka uweze kumsimulia mama yako. Penye "milele" omba miaka, mitatu au mitano. Penye "dunia nzima" uliza wanafika wapi hasa, kama wana watazamaji Tanzania na Kenya basi waandike Tanzania na Kenya, Muscat na London zibaki kwako. Uliza kama wanaruhusiwa kukata, kubadilisha jina, kuweka sauti ya lugha nyingine, na kama ni ndiyo, je, kwa idhini yako au bila? Uliza pia wasipoionyesha kabisa inakuwaje, maana filamu nyingi hazifi kwa kukatwa, zinafia kabatini kwa mtu aliyezinunua akazisahau. Kuna mahali mkataba useme kwamba ikipita muda fulani haijaonyeshwa, inarudi kwako yenyewe. Na master wapewe nakala, ya asili ibaki nyumbani.

Wakikasirika kwa maswali haya, umeokoa filamu. Wakikujibu vizuri, hao ndio watu wa kufanya nao kazi, na mimi nitafurahi kuwatangaza hapahapa.

*

"Anti, kamera gani inafaa kwa filamu huru?"
— Msomaji, Dodoma

Iliyo yako. Ya kuazima hurudishwa saa kumi na mbili jioni, na mwanga mzuri unaanza saa kumi na mbili kasorobo. Hela itakayobaki nunua maikrofoni.

*

"Asalaam aleikum shangazi. Niko Kisauni, Mombasa. Edita wangu ameitoa sini ya nyanya akisuka ukili, dakika tatu, ambayo kwangu mimi ndiyo moyo wa filamu. Nikimwambia airejeshe ananijibu eti mimi sijui kuediti. Na faili zote ziko kwake. Nifanyeje?"
— Mwana wa Kisauni

Waaleikum salaam mwanangu. Una shida mbili na umeanza na ile ndogo.

Faili kwanza. Kesho nenda na diski mbili tupu na chakula cha mchana, unakili kila kitu, picha mbichi na sauti, uondoke na diski moja kwako na nyingine kwa mtu ambaye hamuishi nyumba moja. Usiende kwa ugomvi. Na kama hujamlipa (barua yako imekaa kimya mno kuhusu malipo) nenda na chochote. Edita asiyelipwa hushika diski kama mwenye nyumba anavyoshika fanicha za mpangaji.

Diski zina mambo. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200, kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe. Alipomaliza, hakuwa na nafasi ya kuhifadhi, akafuta filamu ili apate pa kufanyia kazi nyingine. Iliyosalia ni ile nakala ya diski ambayo juu yake VJ Emmie, msimulizi wa filamu, anazungumza, anatania, anashangilia, kama tulivyomzoea marehemu Lufufu kwenye mabanda yetu ya video hapa Tanzania. Dunia nzima inaijua filamu ile kwa sauti hiyo, na wengi tunaipenda kwa sababu ya sauti hiyo. Lakini bila hiyo sauti haiwezi kutazamwa tena, hata Nabwana mwenyewe akitaka.

Sasa nyanya. Mimi ni edita kabla sijawa mwongozaji, na nyanya wengi wamekatwa na mkono huu. Kwa kawaida sini ambayo mwongozaji anaiita "moyo" ni sini iliyomtesa kuipata. Mwongozaji anakumbuka jua, anakumbuka alivyobembeleza, mtazamaji haoni hayo. Lakini pia kuna maedita wenye haraka, wanaokata kila mahali ambapo mtu hasemi. Siwezi kuamua kutoka huku. Alika watu watano wasiokudai wala usiowadai. Wawekee filamu ikiwa na nyanya, wewe usitazame kioo, tazama mikono yao. Mikono ikienda kwenye simu nyanya akisuka, edita yuko sahihi na umwombe radhi. Isipokwenda, mwite naye aje akae pale aone kwa macho yake. Jaribu pia dakika moja na nusu, maana mara nyingi mtu akidai tatu na mwenzake akidai sifuri, filamu yenyewe ilikuwa inataka moja na nusu.

Neno "hujui kuediti" lakini asilirudie. Kwenye filamu ijayo muandikiane kabla, karatasi moja, nani ana kauli ya mwisho ya ukataji. Si lazima uwe wewe. Nimefanya filamu moja ambayo niliandika kwamba kauli ya mwisho ni ya edita, kwa kuwa najijua nikipenda sini siachi, na ndiyo bora katika zangu zote saba.

*

"Habari za kazi anti. Shirika moja limenipa fedha za filamu fupi ya hadithi yangu kuhusu bodaboda. Sasa wanataka mhusika mkuu aeleze madhara ya kutovaa helmeti, dakika ya tatu na dakika ya tisa. Pia wanataka toleo la Kiingereza. Naona aibu."
— Mwandishi, Morogoro

Aibu ya nini? Umepewa kandarasi, fanya kandarasi, vizuri, pokea hela, lipa watu. Kosa ni kuwauzia hadithi uliyoipenda wakati wangeridhika na nyingine. Ulizia kama inawezekana uwaandikie mpya ya helmeti kwa wiki moja, hii ya kwako uirudishe sandukuni.

Wakikataa, mkumbuke Sembène Ousmane wa Senegal. Mandabi, ya 1968, alitumia fedha za Ufaransa, na ilibidi kila sini apige mara mbili, kwa Kifaransa na kwa Kiwolofu. Alipiga zote mbili. Leo watu wakiitaja Mandabi wanasema ile ya Kiwolofu. Na Xala, ya 1975, serikali yake ilipokata sehemu kadhaa, aligawa vikaratasi kwa watazamaji vikiwaeleza nini kimekatwa. Kwa hiyo piga toleo la Kiingereza, na sini za helmeti zipige namna ambayo zikitolewa hazibomoi ukuta. Halafu omba kwenye mkataba toleo moja la Kiswahili liwe lako la kupeleka matamashani. Hilo mashirika mengi hukubali, kwa kuwa hawana mpango nalo.

*

"Dada, sijui kama utanikumbuka. Mwaka 2008 nilikuwa mlinzi kwenye nyumba ya Mbezi mliyoikodi kushuti. Mwigizaji wenu wa kufungua geti hakuja, mkanivika shati lake mkaniambia nifungue mimi. Nilifungua mara kumi na nne. Mlinipa elfu tano na soda. Juzi wanangu wameiona mtandaoni, wamefurahi sana, ila wananiuliza mbona jina langu halipo mwishoni. Je, nina haki yoyote?"
— Mlinzi wa Geti

Kaka yangu, nakukumbuka. Shati lilikuwa dogo, tukaacha vifungo viwili vya chini wazi, nikakuambia usimame nyuma kidogo ya nguzo ili visionekane. Na ulikuwa unafungua vizuri kuliko tulivyotaka, haraka mno. Nilikuomba uchelewe, nahitaji dakika.

Ndiyo, mtu anayeigiza ana haki zake, ndiyo maana ile sheria ikaitwa ya hakimiliki na hakishiriki pia. Lakini umeniuliza mimi, kwa hiyo nikujibu kwa upande wangu. Huko juu nimemlilia dada wa Tabata kuhusu hati yangu ya ukurasa mmoja. Wewe sikukupa hata nusu ukurasa.

Barua yako ilinifanya nitoe madaftari ya zamani, maana nilikuwa bado nina ile tabia ya kuandika kila kitu. Siku ile ninayo. Imeandikwa gari lilikuwa na vumbi upande wa kushoto, mkunga mkoba bega la kulia, saa nane na robo jua limegeuka. Mbele ya geti nimeandika: "Kaka mlinzi." Basi.

Filamu ile si yangu, kwa hiyo jina siwezi kuliongeza hata nikitaka, na niliyonayo ni ile nakala ya machinga. Ila mwezi wa tisa naingia kushuti nyingine. Kuna mzee anakaa nje ya zahanati tangu asubuhi mpaka jioni, ana mistari sita, na hakuna geti. Niandikie kupitia ofisi ya jarida kama una nafasi, uniambie unavaa shati saizi gani, na uandike jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.